Dhahabu, Sabuni na Mpira: Koloidi Zilivyopata Makundi Yake

Sisi tunaosoma London tunaweza kuingia Royal Institution, mtaa wa Albemarle, tukatazama chupa za Michael Faraday. Ndani mna maji mekundu kama juisi ya choya, na wekundu huo ni dhahabu. Mwaka 1857 Faraday alieleza kwamba chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa darubini, ila mwali wa mwanga ukipita majini huziumbua.

Jina koloidi lilikuja 1861. Thomas Graham, Mskoti aliyewahi kufundisha University College hapa hapa mjini, alitenganisha vitu kwa karatasi ya ngozi: chumvi na sukari zilipenya, wanga na ute wa yai vikakwama. Vilivyokwama akavipa jina kutokana na neno la Kigiriki la gundi. (Utenganishaji huo aliuita dayalisisi, jina wanalolijua wagonjwa wa figo.) Lakini aliona koloidi kama jamii ya vitu, na hapo alikosea. Hata chumvi ya mezani huwa koloidi ikisambazwa katika kimiminika kisichoiyeyusha.

Basi swali likageuka: chembe yenyewe imeundwa na nini? Ya dhahabu ni rundo la atomu nyingi. Sabuni ina tabia yake: mwaka 1913 James McBain wa Bristol alipendekeza kwamba molekuli zake, zikishakuwa nyingi majini, hujikusanya zenyewe, na maji yakiongezwa hutawanyika tena.

Ugomvi ulikuwa kwenye wanga, protini na mpira. Wakemia wengi walishikilia kuwa navyo ni marundo ya molekuli ndogo zilizoshikana kwa nguvu hafifu. Mwaka 1920 Hermann Staudinger akakataa: kila chembe ni molekuli moja, ndefu kupita kiasi. Wapinzani walisema molekuli za mpira hushikana kwa sababu ya bondi zake maradufu. Yeye akaujaza mpira haidrojeni, bondi hizo zikaisha, na mpira ukabaki koloidi vilevile. Bado alibishiwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel aliipata 1953, akiwa na miaka 72.

Katika madaftari yetu hayo yote ni jedwali la mistari mitatu: molekuli nyingi, molekuli kubwa, molekuli zinazojikusanya. Mhadhiri alilipita kwa dakika mbili, nasi tukalinakili bila kuuliza nani aligombana na nani.