Reli ya Katanga: pale umeme na mazutu vilipokutana

Lubumbashi – Mtu akisikia habari za gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, hufikiri ni jambo jipya la Wajapani. Ni kweli, Toyota ilianza kuuza Prius mwaka wa 1997. Lakini katika Katanga mafuta na umeme vilianza kusaidiana relini zamani.

Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910 kutoka Rhodesia. Mwaka wa 1928 kampuni ya BCK ilifikisha njia Port-Francqui, yaani Ilebo, kwenye mto Kasai. Siku zile treni ilivutwa kwa mvuke. Kuni na makaa ya mawe yaliteketea, lakini katika nguvu yote ya moto ule hata sehemu moja ya kumi haikufika kwenye magurudumu.

Nafuu ilitoka mitoni. Bwawa la Mwadingusha kwenye Lufira lilikuwa limeanza kutoa umeme kwa ajili ya migodi mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 BCK ikaweka nyaya juu ya reli kati ya Jadotville, ndiyo Likasi, na Tenke. Treni ikatumia umeme wa namna ileile ya viwandani, wa hezi 50, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa wametoka tu kuujaribu kwao. Baadaye nyaya zilifika Lubumbashi, Kolwezi, Mutshatsha na Kamina: kilomita 858 kwa jumla.

Kamina nyaya zinaishia. Aliyekwenda Kasai au Kalemie aliona kichwa cha umeme kikifunguliwa na cha mazutu kikifungwa. Hata hicho si cha mazutu peke yake. Injini yake huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota za umeme zilizo kwenye ekseli. Faida ni mbili: mota huvuta kwa nguvu tangu treni ikiwa imesimama, na injini hufanya kazi kwa mwendo unaoifaa, bila giaboksi.

Upungufu wake uko kwenye breki. Treni ikishuka mlima, mota hugeuka jenereta, lakini umeme ule huishia kuwa joto linalopotea hewani. Gari la haibridi limeongeza kitu kimoja: betri ya kuutunza umeme huo, utumike tena wakati wa kuondoka.

Kwa familia nyingi reli hii si habari ya mashine tu. Mwaka wa 1992 na 1993, wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, stesheni za Likasi na Kolwezi ziligeuka kambi. Watu walingoja treni kwa wiki na miezi, na wengine wakafia palepale, watoto wakiwa wengi. Nyaya zilikuwa juu ya vichwa vyao. Treni za kutosha hazikuwako.

Leo kobalti ya Kolwezi na Tenke inaingia katika betri za magari ya dunia nzima. Lakini sehemu kubwa inatoka nchini juu ya malori ya mazutu, yakipanga foleni Kasumbalesa, kando ya reli ambayo ilionyesha njia nyingine tangu 1952.