Kole isiyoogopa moto: namna gani wanapima nguvu na uvumilivu wa gundi ya poliimidi

Fundi wa kwado akimaliza kubandika kiraka, anatia upepo, anaingiza mpira ndani ya maji, anaangalia kama kuna povu. Hakuna povu, mteja analipa na kwenda. Ile kazi inaonyesha kwamba kole imeshika leo. Haionyeshi kama itashika bado nyuma ya miezi sita ya jua na mvua.

Swali ni lile lile kwa wale wanaotengeneza ndege, lakini huko kosa linaweza kuua watu. Ndani ya ndege kuko vipande vingi vya chuma na nyuzi za kaboni vilivyoshikanishwa kwa gundi, ile wengi wanaita kole. Pale joto ni kali, kama karibu na moteri, kole ya kawaida haitoshi. Ndiyo maana kuko poliimidi.

Poliimidi ni nini?

Ni aina ya plastiki ngumu ambayo molekuli zake zimefungana kwa pete imara, zisizokatika haraka juu ya joto. Kole ya epoksi, ile inayotumiwa sana kwenye ndege, inaanza kulegea kati ya digri 120 na 180, kufuatana na aina yake. Poliimidi nyingi zinaendelea kushika kwa muda mrefu hata joto likipita digri 200.

Lakini inaomba kazi nyingi. Aina fulani, kama PETI-5 iliyotengenezwa na watafiti wa NASA kwenye kituo cha Langley, Marekani, inapikwa chini ya mgandamizo kwa joto la digri 350 hivi ao zaidi. Na aina za zamani zinatoa maji wakati wa kupikwa. Yale maji yakikosa njia ya kutoka, yanaacha matundu ndani ya kole, na pale ndipo inavunjikia.

Jaribio la kwanza: kuvuta

Wanachukua vibamba viwili vya chuma, mara nyingi titani, vyenye upana wa milimita 25,4. Wanavisafisha, wanavikwaruza kwa mchanga ao kwa dawa, kisha wanavipandisha kimoja juu ya kingine kwa milimita 12,7 tu. Ni pale tu panapopakwa kole. Ikiisha kupikwa, mashine inavuta kila upande, polepole, mpaka viachane.

Sehemu iliyobandikwa haipiti ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Lakini kole yenye nguvu ya niutoni 20 kwa kila milimita ya mraba inaweza kubeba pale karibu kilo 650, ni kusema mifuko 13 ya simenti. Wanarudilia jaribio hilo ndani ya tanuru, juu kole inayoshika vizuri kwenye baridi inaweza kuwa laini kwenye joto.

Kisha wanaangalia namna gani imevunjika. Kama kole imebaki pande zote mbili, maana yake ni kole yenyewe iliyopasuka, na chuma kilikuwa kimeshikwa vizuri. Kama chuma kimoja kimebaki kitupu na safi, kole haikushika chuma. Mara nyingi hilo ni kosa la matayarisho: mafuta, vumbi ao unyevu. Hata kama namba ya mashine ilikuwa nzuri, fundi mzoefu haitegemei tena.

Jaribio la pili: muda

Hapa ndipo kazi inakuwa ngumu. Katika miaka ya 1990, NASA na makampuni ya ndege walitaka kutengeneza ndege ya abiria 300 hivi, yenye kwenda mbio mara 2,4 kuliko sauti. Kwa mwendo ule, upepo unapashia ngozi ya ndege joto mpaka karibu digri 177. Kole ilipaswa kuvumilia masaa 60.000 ya joto lile. Ukihesabu mchana na usiku bila kusimama, ni karibu miaka saba.

Ili kupata jibu, wanaacha vibamba ndani ya tanuru, na kila kisha masaa kadhaa wanatoa vichache na kuvivuta. Wengine wanapandisha joto ili kole izeeke haraka. Lakini njia hii inaweza kudanganya: kwenye joto la juu sana kole inaweza kuharibika kwa njia ambayo haiko kwenye joto la kazi. Tena hewa inaingilia pembeni. Kibamba kidogo, chenye pembe nyingi kuliko katikati, kinazeeka mbio kuliko kipande kikubwa cha ndege.

Jaribio la tatu: maji

Maji ni adui mwengine. Wanatia vibamba ndani ya maji yanayochemka, kwa mfano masaa 72, kisha wanavivuta. Ao wanapigilia kabari kati ya vibamba viwili vilivyobandikwa, wanatia alama pale ufa umefikia, wanaviacha ndani ya joto lenye unyevu mwingi, kisha wanapima ufa umeongezeka kiasi gani. Kole dhaifu inajulikana haraka, hata kama siku ya kwanza ilivuta vizuri.

Somo la mwaka 1988

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipoteza sehemu kubwa ya paa lake angani, huko Hawaii. Ilikuwa na miaka 19 ya kazi. Mhudumu mmoja alivutwa nje na kufa; abiria wengi walijeruhiwa. Wachunguzi walikuta kwamba kole kwenye viungo vya ngozi ilikuwa imeachia, mzigo ukabaki kwa misumari ya ribiti, na nyufa zikaanza pale. Ile kole haikuwa poliimidi, lakini ilionyesha kwamba kiungo kinaweza kupita majaribio ya siku ya kwanza, kisha kikaachia polepole bila mtu kuona.

Mradi wa ndege ya NASA ulifungwa mwaka 1999 bila ndege kujengwa. Lakini kole na njia za kuipima zilibaki.

Hata kwenye piki-piki, garnitire nyingi za freni zimebandikwa kwa kole ya joto, ingawa ya aina ingine. Zikibanduka na chuma kikabaki kitupu, cheupe, kosa haliko kwa dereva aliyefunga freni. Chuma hakikutayarishwa vizuri mbele ya kupakwa kole.