Askari na wakili wasome pamoja

Hapa Kariokor ninapoishi, kina mama huniuliza: mwanamke akibakwa, aanzie wapi? Awahi hospitali kabla saa 72 hazijapita, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza, nguo azitie katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Kituoni ripoti iandikwe katika kitabu cha OB, apewe namba yake, kisha daktari ajaze fomu ya P3. Simu ya msaada ni 1195, haina malipo.

Lakini ushahidi huo hupotea ukimkuta askari asiyejua mahakama inataka nini. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa, kwa kutochunguza kesi zao ipasavyo. Baada ya hukumu ile, mawakili walishirikiana na polisi kuwafunza askari namna ya kuchunguza.

Hiyo ndiyo njia. Askari ajue maswali yatakayoulizwa kortini, wakili ajue kazi ya kituo, kabla mama wa watu hajafika mezani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.