Ukuta wa Bure: Jinsi Baraza la Chicago Lilivyolipa kwa Ziwa

Wasomaji wangu, leo tuweke programu kando kidogo, twende Chicago ya karne ya 19. Najua kuna atakayeuliza: mtu wa kompyuta ana shughuli gani na reli za kale? Subirini. Reli ndiyo iliyokuwa intaneti ya enzi zile, na mtihani uliowapata madiwani wa Chicago ni ule ule unaotupata sisi kila kampuni kubwa inapokuja na kitu kizuri mkononi na kusema, "Chukueni, hamlipi hata senti."

Mwaka 1850 Chicago ilikuwa mji wa watu wasiofika 30,000, kando ya Ziwa Michigan. Lile si ziwa la kuchezea. Mawimbi yake yalikuwa yanaumega ufuo kidogo kidogo, yakisogelea barabara ya Michigan Avenue ambako matajiri walikuwa wamejenga nyumba zao. Dawa ilijulikana: ukuta majini wa kuvunja nguvu za mawimbi. Swali likawa, nani alipe?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kodi. Chicago ya wakati huo ilikuwa na mtindo wa kugharimia kazi nyingi, kama vile barabara, kwa kuwatoza wenye viwanja vinavyopakana na kazi yenyewe. Barabara ikipita mbele ya kiwanja chako, wewe ndiwe unayelipa. Jirani wa mtaa wa pili hahusiki. Ukiutazama upesi, ni mtindo wa haki kabisa: anayetumia ndiye anayelipa. Lakini ukuta wa ziwa uliukwamisha. Wenye nyumba za Michigan Avenue hawakutaka kubeba gharama ile peke yao. Wakazi wa upande wa magharibi nao hawakutaka kodi yao iende kulinda majumba ya matajiri. Kila mmoja alikuwa na hoja, na mawimbi hayakusubiri kikao kimalizike.

Ndipo ikaingia Illinois Central. Kampuni hii ya reli ilianzishwa kwa sheria ya jimbo la Illinois mwaka 1851, ikapewa ekari zaidi ya milioni 2.5 za ardhi ambayo serikali kuu ya Marekani ilikuwa imeikabidhi jimbo kwa ajili ya ujenzi wa reli. Kampuni ilihitaji njia ya kuingia mjini, na baraza lilihitaji ukuta. Juni 1852 wakakubaliana: kampuni ipewe ukanda wa upana wa futi 300 kandokando ya ziwa, nayo ijenge ukuta kwa gharama yake. Reli ikajengwa juu ya nguzo ndani ya maji, treni zikawa zinapita kama zinaelea, na ufuo ukapona. Hakuna mwenye kiwanja aliyetozwa kitu. Ukiwa diwani na uchaguzi unakaribia, utakataa?

Sasa tazameni upande wa pili wa hesabu. Sheria iliyoianzisha kampuni iliisamehe kodi za kawaida za mali. Badala yake ingelipa sehemu ya mapato yake ghafi, ambayo baada ya miaka ya mwanzo ilifika asilimia 7. Fedha hizo zilikwenda kwa hazina ya jimbo, si kwa miji na kaunti ambako reli ilipita. Kaunti moja, McLean, ilijaribu kuitoza kodi ya mali, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Illinois, na mwaka 1856 kaunti ikashindwa. Wakili mmoja wa kampuni alikuwa Abraham Lincoln, ambaye baadaye aliishtaki kampuni hiyo hiyo ili imlipe ada yake ya dola 5,000! Basi jiji likabaki na jirani mkubwa anayekalia ufuo wake wote wa katikati ya mji, na haliwezi kumtoza kodi ya kiwanja.

Mji nao ukakua kama moto wa nyika. Kufikia 1870 ulikuwa na watu karibu 300,000, na ufuo ambao mwaka 1852 ulionekana mzigo sasa ulikuwa dhahabu. Mwaka 1869 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuipa Illinois Central ardhi iliyo chini ya maji mbele ya jiji, zaidi ya ekari 1,000, kwenda maili moja ndani ya ziwa. Sheria hiyo pia iliziuzia kampuni za reli sehemu ya bustani ya ufuoni kwa dola 800,000. Gavana John M. Palmer aliikataa, Bunge likampuuza na kuipitisha tena. Watu wa Chicago waliita jambo hilo wizi wa ufuo, na jiji likakataa kuzipokea fedha hizo.

Mwaka 1873 Bunge liliifuta sheria yake lenyewe. Kampuni ikasema kilichotolewa hakirudishwi. Mvutano ukaendelea hadi Desemba 1892, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba jimbo linashikilia ardhi iliyo chini ya ziwa kama amana ya umma, na haliwezi kuigawa yote kwa kampuni binafsi. Kura moja tu! Hukumu hiyo bado inasomwa na wanasheria wanaotetea mali ya umma. Lakini angalieni: haki ya njia ya 1852 haikuondolewa.

Mimi huona kazi yangu ndani ya kisa hiki. Tunapojenga mfumo tuna njia mbili za kulipia huduma ya mtu mwingine. Ya kwanza ni fedha: inauma leo, lakini ukimaliza umemaliza. Ya pili ni ruhusa: asome data yetu, apite katika mlango wetu. Haiumi leo, wala haionekani katika bajeti, ila inaishi kuliko waliotia sahihi. Madiwani wa 1852 hawakuwa wajinga. Mtindo wao wa kodi ulikuwa na njia ya kumtoza kila mtu kwa barabara yake, lakini haukuwapa njia rahisi ya kulipia kitu cha wote. Wakalipa kwa kile walichokuwa nacho, yaani ufuo.

Wahenga walisema bure ghali. Mwaka 2004 Chicago ilifungua bustani ya Millennium Park, iliyojengwa juu ya eneo la reli ya zamani ya Illinois Central. Chini yake, treni za abiria bado zinapita.