Sida na Mashirika Yetu

Mwezi wa Novemba 1961 maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, wakakata shauri kubwa: Eklezia isisimame juu ya misioni na majengo yake tu, lakini juu ya vikundi vidogo vya wakristu wanaokaa jirani na kujuana kwa majina. Ndiyo asili ya mashirika tunayoyaona leo katika parokia zetu. Na katika mji uleule, miaka miwili mbele yake, yaani 1959, damu ya mtu mmoja ilitolewa, ikatunzwa. Ilipopimwa zaidi ya miaka 25 baadaye, ilionekana ina kijidudu cha sida. Ugonjwa ulikuwa tayari mjini siku zile maaskofu walipokuwa wakikata shauri lao, na hakuna aliyejua.

Ulianza kutambulikana Kinshasa mwaka 1983. Wanganga kutoka Ubelgiji na Marekani, pamoja na Munganga Kapita Bila wa hospitali Mama Yemo, walitafuta wagonjwa kwa majuma matatu tu, wakapata 38: wanaume 20, wanawake 18. Hesabu hiyo ndogo ilisema neno kubwa. Ng'ambo wengi walidhani ni ugonjwa wa wanaume wanaolala na wanaume. Kinshasa ulionekana kati ya mume na mke, nyumbani mwa watu wote. Watu wa mji walicheka. Walisema zile herufi nne maana yake ni ugonjwa wa kubuni, wa kuwavunja moyo wapendanao. Mwimbaji Franco aliwaonya kwa wimbo mwaka 1987. Kazi ya uchunguzi wa wanganga, Projet SIDA, iliyoanza 1984, ilivunjika mwaka 1991, mji ulipotekwa nyara na askari na raia.

Na sisi? Tukubali ukweli. Mahali pengi tulihubiri juu ya dhambi kwa nguvu, hata mgonjwa akasikia hukumu yake kanisani. Shirika lilichanga franka za sanduku na za kilio, lakini mgonjwa alipokuwa hai hakuna aliyekwenda kumwosha. Katika parokia za Goma wachumba walidaiwa cheti cha damu mbele ya ndoa. Cheti tulijua kukidai. Yule ambaye ndoa yake ilivunjika kwa ajili ya cheti, nani alimfuata nyumbani?

Tutazame inchi jirani ya Uganda. Huko ugonjwa ulionekana tangu 1982 Kasensero, kando ya ziwa, katika wilaya ya Rakai. Watu waliuita «slim», kwa sababu mtu alikonda mpaka mifupa. Mwaka 1987, katika hospitali ya Kitovu, jimbo la Masaka, Sista Ursula Sharpe wa shirika la Medical Missionaries of Mary aliona kwamba wagonjwa hawa ni wa kutunzwa kwao. Basi hospitali ikatoka mlangoni. Wauguzi walipanda gari, wakaenda vijijini, na katika kila kijiji watu wa palepale walijitolea kuwatazama wagonjwa siku ambazo gari halipo. Mwaka huohuo Kampala, mama Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume wake kwa sida, alianzisha TASO pamoja na wenzake, na wengi wao walikuwa na kijidudu wenyewe.

Tuangalie vizuri tarehe. Dawa zinazochanganywa ili kukizuia kijidudu zilipatikana mwaka 1996, na kwa maskini wa Afrika zilikawia miaka mingi tena. Watu wa Kitovu walianza pasipo dawa hizo. Walikuwa na sabuni, dawa za maumivu, na muda wa kukaa kitandani pa mgonjwa. Mtu atasema: kazi ile ilikuwa ya wakati ule, leo kuna vidonge. Ni kweli, anayevimeza kila siku, mpaka kijidudu kisionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake. Lakini kidonge chahitaji mtu wa kukumbusha, na nauli ya kukiendea. Ndiyo maana mwaka 2010 Kinshasa, wagonjwa wenyewe, pamoja na wanganga wa Médecins Sans Frontières, walifungua vituo katika kartiye: mgonjwa asiye na shida alichukua dawa za miezi mitatu kutoka mkono wa mtu mwenye ugonjwa uleule. Na Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha ghafula msaada wake, ambao ulishika sehemu kubwa ya matunzo haya Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba, tuliona namna kamba hiyo ilivyo nyembamba.

Ugumu wa mashirika tunaujua. Mahali watu wanapojuana kwa majina, ndipo maneno yanapokimbia. Sheria ya inchi ya tarehe 14 Julai 2008 yamlinda mgonjwa asibaguliwe, lakini sheria haikai katika mkutano wa jioni. Katekista akiambiwa siri, asiitoe hata katika maombi ya waamini. Aende yeye mwenyewe, na akitaka kupeleka mtu wa pili, amwulize kwanza mgonjwa ni nani anayemtaka.