Mzio kabla ya aleji

Mwembe wa jirani yetu pale Mbagala ukianza kutoa maua, mwezi wa saba kwenda wa nane, na mimi naanza kupiga chafya. Masika yameshapita, barabara ya mtaani imekauka, upepo unaleta vumbi hadi kwenye vyombo vya chai. Bibi hahitaji kalenda. Akinisikia nimefika chafya ya nne anasema, "Mjukuu wangu, mwaka huu maembe yatakuwa mengi."

Dawa ya utotoni ilikuwa nyungu. Majani ya mwarobaini, mpera, mkaratusi na mchaichai yanachemshwa, unafunikwa blanketi na sufuria lako, unatoka humo jasho linatiririka na pua imezibuka walau hadi usiku. Nilikua nikiamini hiyo ni tiba ya mababu tupu. Lakini hebu yaangalie majani yenyewe. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Mkaratusi umetoka Australia, na mpera ni mti wa Amerika. Sufuria moja la uani lina majahazi na meli za wakoloni ndani yake! Wazee wetu walikuwa wakipokea jani geni, wakalinusa, wakalijaribu, wakalipa kazi.

Ilikuwa hivyo kwingine pia. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tabibu al-Razi wa Uajemi aliandika risala fupi kuhusu mafua yanayomshika mtu waridi zinapochanua. Manchester, Charles Blackley alijipaka chavua puani mwenyewe, na mwaka 1873 akatoa kitabu kuonyesha kwamba ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Halafu yupo Roger Altounyan. Waliosoma *Swallows and Amazons* ya Arthur Ransome (1930) wanamjua bila kujua: yule Roger mdogo alipewa jina lake. Alipokuwa mtu mzima akawa daktari mwenye pumu, akajitia mwenyewe kwenye majaribio, akijisababishia shambulio makusudi ili apime dawa zilizotokana na khella, mmea wa tiba za kienyeji za Misri. Miaka ya 1960 ikapatikana kromoglikati, ambayo hadi leo imo kwenye matone ya macho ya watu wa aleji. Kwa hiyo mtu akiniambia "asili" na "hospitali" ni nyumba mbili zisizosalimiana, namsikiliza tu. Muhimbili kwenyewe kitengo cha kutafiti dawa za asili kilianza mwaka 1974.

Neno "aleji" lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Yaani mwili umefanya kazi kwa namna nyingine. Sisi tulipotafuta neno letu tukachukua mzio, ambalo lilikuwa na shughuli zake zamani sana. Mzio ni kile ulichokatazwa. Ukoo una samaki wake wasioliwa. Mganga anakupa dawa na mzio wake, labda usiguse bamia mpaka upone. Neno la Vienna linaeleza mwili ulivyofanya. La kwetu linakwambia kaa mbali na nini.

Tofauti hiyo niliielewa kwa gharama. Mwaka 2020 korona ilipoingia, kujifukiza kulitoka uani kukaingia kwenye taarifa ya habari, na kila nyumba ikawa na sufuria lake. Mtoto wa dada yangu, miaka saba, alikuwa na mafua yasiyoisha na kikohozi cha usiku. Tukamfunika. Mama mdogo, kwa mapenzi kabisa, akaongeza chetezo cha ubani chini ya blanketi. Dakika chache tu mtoto akaanza kuvuta pumzi kama anayepuliza filimbi iliyopasuka. Tulipanda bodaboda watatu, mimi nikiwa nimemkumbatia katikati, naogopa kumtazama midomo.

Ilikuwa pumu, na alikuwa nayo siku zote. Daktari baada ya kumpa dawa ya kuvuta aliuliza swali moja: nyumbani mnachoma nini? Hakuna aliyejibu haraka.

Tuliporudi, Bibi alisikiliza maelezo yote, mguu kwa mguu. Nilidhani atatetea nyungu, maana ni yeye aliyetufundisha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi moshi ndiyo mzio wake." Akainuka, akatoa chetezo nje. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ikafuata, tukabaki na chandarua. Godoro likaanza kuanikwa juani kila Jumamosi.

Mimi siku hizi nasafisha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Bibi ananicheka, anasema yeye amepandisha maji puani kwenye udhu mara tano kwa siku tangu utotoni na hakuhitaji mtu wa kumwonyesha. Mtoto ana miaka zaidi ya kumi sasa. Kichupa chake cha dawa ya kuvuta kinakaa kwenye mfuko wa shule, na wageni wakija na udi, yeye mwenyewe anawaambia mlangoni: "Shikamooni. Huo ni mzio wangu, naomba ubaki nje."