Juu ya nini mboko haikupasuka? Historia ya fundi na mti mbichi

Tunapozungumza juu ya sanaa ya Waluba na Wahemba, tunasifu sura: macho, nywele zilizosukwa, chale za tumbo. Ni mara chache tunauliza: juu ya nini ule mti haukupasuka?

Tuchukue mboko, ile sanamu ya mwanamke anayeshika bakuli ambamo wafalme na waaguzi waliweka pemba, udongo mweupe. Mwanamke na bakuli vyote vinatoka katika gogo moja. Zile maarufu sana zilichongwa katika karne ya 19 upande wa Buli, katika Tanganyika yetu ya leo. Ni Mbelgiji Frans Olbrechts aliyeziweka pamoja chini ya jina la kijiji hicho. Watafiti wengine wanafikiri fundi alikuwa Ngongo ya Chintu, Mhemba. Basi vitu vilifika Ulaya, lakini jina la fundi lilibaki nyuma, na maarifa yake vilevile.

Maarifa gani? Wachongaji wengi wa Afrika walitumia tezo kwenye mti ungali mbichi, sababu ni laini. Lakini mti mbichi umejaa maji. Maji yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, mti unaanza kusinyaa. Kufuata mviringo wa gogo, unasinyaa karibu mara 2 kuliko kuelekea kiini. Pande hizo zikivutana, ufa unazaliwa. Tena maji yanatoka upesi kwenye vichwa vya gogo. Njo maana ufa unaanzia kule.

Kwa bakuli la kawaida, fundi anaepuka kiini. Anachonga kwanza nusunusu, anaacha ukuta mnene, kama sehemu 1 ya 10 ya upana. Analifunika kwa maganda ya tezo, kivulini, mbali na upepo na moto, ili likauke polepole. Kisha miezi, anamaliza.

Leo bakuli lililokaushwa mbiombio linapasuka nyumbani kwa mnunuzi, na mti umekatwa bure. Shuleni tunawachoresha wanafunzi vinyago. Tuwatume pia kwa wazee wachongaji na daftari, waulize: mti gani, siku ngapi, ulifichwa wapi? Hiyo nayo ni historia, na wanaoijua wanapungua kila mwaka.